Kazi Ndogo Ina Bei Yake

Dar es Salaam hukosi fundi wa kujenga nyumba. Sema tu una kiwanja Kigamboni au Bunju, na kabla jua halijazama utakuwa umeshapigiwa simu na watu usiowajua, kila mmoja ana picha za nyumba alizozisimamisha. Lakini sema koki ya jikoni inavuja, au mlango wa stoo umeshuka, au bati moja limeinuka kwa upepo. Utaambiwa "nakuja". Utaambiwa "kesho asubuhi na mapema". Utaambiwa "niko saiti Goba, nikimaliza napitia hapo kwako". Na koki itaendelea kuvuja.

Nimeishi na majibu hayo tangu baba alipofariki na kutuachia, mimi na mama, nyumba yake ya Tabata. Aliijenga kama wanavyojenga watu wa mshahara, chumba baada ya chumba, na kila chumba kimebeba vifaa vya enzi yake. Mbele kuna mabomba ya chuma. Uani kuna ya plastiki yanayounganishwa kwa gundi. Bafu la mwisho lina yale ya PPR, yanayounganishwa kwa mashine ya moto. Nyumba ya namna hiyo haiharibiki kwa kishindo. Leo kitasa, mwezi ujao floti ya tanki, baadaye soketi inayonuka ukichomeka pasi. Baba alipokuwa hai mafundi walikuja tu, wakanywa chai, wakatengeneza, wakaondoka. Hatukuwahi kujiuliza aliwatoa wapi. Kwenye simu yake tulikuta namba za "Fundi bomba", "Fundi bomba 2" na "Fundi mlango", na zote hazikuwa zikipatikana.

Basi tukaanza kutafuta kama watu wote wanavyotafuta. Njia ya kwanza ni nguzo za umeme na miti ya barabarani, ambako mafundi na waganga hutangaza kazi zao bega kwa bega. Njia ya pili ni kumuuliza jirani, na jirani hukupa namba ya mtu aliyemfanyia kazi zamani, ambaye siku hizi ameshahamia Kibaha. Njia ya tatu ni kijiwe kilicho mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, ambako vijana hukaa kwenye benchi na mabegi yao wakisubiri riziki. Siku hizi kuna pia programu za simu za kuitia mafundi. Mimi na mama tulizipita njia hizo zote, na kila moja ilitupatia mtu. Mtu kufika mlangoni lilikuwa jambo rahisi kuliko yaliyofuata.

Mara nyingi swali la kwanza mlangoni lilikuwa, "Baba yupo?" Mama alizoea kujibu, "Baba ni mimi, ingia." Lakini swali hilo lina hesabu ndani yake. Fundi anataka kujua kama kuna mtu atakayekagua kazi, na anapoambiwa kuna wanawake wawili tu, bei hupanda na maelezo hupungua. Tuliona kwamba dawa yake si kumwita mjomba aje asimame pale. Ni kuuliza maswali tangu mwanzo, kwa upole na bila haraka: Unadhani tatizo ni nini? Utaanzia wapi? Unahitaji kifaa gani, na kwa nini hicho? Fundi wa kweli hupenda kuulizwa. Fundi maiko, yule wa kubahatisha, hukasirika.

Fundi maiko wetu alikuja mchana, begi jembamba mgongoni. Aliitazama koki ya jikoni, akaomba spana kwa jirani, kisha akasema koki nzima imekufa. Akapewa hela ya vifaa, akaleta koki mpya, akaifunga, akafungulia maji, akatuonyesha kwamba haivuji hata tone. Ni kweli, haikuvuja. Usiku wa manane maji ya mgao yalipofika, sakafu ya jiko ikajaa. Mchana ule bombani mlikuwa na maji ya tanki tu, na msukumo wa tanki hutokana na kimo chake: kila mita 10 za kimo hutoa takriban bar 1, kwa hiyo mnara wa mita 3 hautoi hata theluthi ya bar. Maji yanayotoka barabarani huja na nguvu zaidi ya hapo. Kiungo kilichovumilia maji ya tanki hakikuvumilia yale ya usiku. Simu ya fundi iliita mpaka ikachoka.

Aliyetuokoa ni muuza duka la vifaa. Mama alikwenda kununua koki nyingine, na badala ya kuuliza "unamjua fundi mzuri?", swali ambalo kila mtu hujibu kwa kumtaja shemeji yake, aliuliza, "Hapa kwako, fundi gani akija kununua kitu harudi tena kesho yake kununua kilekile?" Muuzaji akacheka, akafikiri kidogo, akasema, "Kuna mzee mmoja wa Buguruni. Huyo akija hununua kidogo, na anajua anachokitaka." Nimelitumia swali hilo kwa maduka mengine tangu hapo. Muuza vifaa huona kila siku nani amepima kabla ya kununua na nani anabahatisha.

Mzee alikuja siku ya pili yake, asubuhi. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Geti valvu yenu iko wapi?" Hakuna fundi aliyewahi kutuuliza hivyo. Wote waliotangulia walikwenda moja kwa moja kwenye koki. Tuliitafuta tukaikuta karibu na mita, imefukiwa na mchanga, haizunguki. Akaanza na hiyo. Akaitia mafuta, akaisukuma kidogo mbele na kidogo nyuma, bila kuilazimisha, mpaka ikakubali. "Hii ndiyo kazi ya kwanza," akasema. "Bomba likipasuka usiku, mtanipigia mimi nilale macho, au mtafunga wenyewe?"

Kisha akaingia jikoni. Aliomba ile koki ya zamani ambayo maiko alisema imekufa, na kwa bahati mama hakuwa ameitupa. Akaizungushia kitambaa ili spana malaya isiikwaruze, akaifungua kichwa, akatoa washa ya mpira iliyolika upande mmoja. Halafu akaingiza kidole cha mwisho ndani ya koki, pale washa inapokalia, akakizungusha taratibu huku amefumba macho. "Kiti chake kizima," akasema. "Kingekuwa kimelika, washa mpya isingekaa wiki." Akaweka washa mpya. Kwenye nyuzi za koki akazungusha tepu nyeupe kwa upande ule ule ambao koki itazungushwa wakati wa kufungwa, akatuonyesha kwa nini: ukizungusha kinyume, koki inapoingia huikunja tepu na kuitoa nje badala ya kuivuta ndani. Maiko alikuwa amezungusha kinyume. Ndiyo maana sakafu ilijaa maji usiku ule.

Alipomaliza hakufungasha. Alikausha mabomba ya chini ya sinki kwa kitambaa, akatandika gazeti kavu, akaomba chai. "Jicho halioni unyevu mdogo," akasema, "lakini gazeti linauona." Tukakaa, tukazungumza habari za mvua na za bei ya nauli, chai ikaisha, akaenda kutazama. Gazeti lilikuwa kavu. Akatuambia tuliache hapo mpaka asubuhi, maji ya usiku yapite, ndipo tumpigie. Kila fundi aliyekuja nyumbani kwetu baada ya hapo, wa bomba au wa kitu kingine, nimempima kwa kitu hicho kimoja: anasubiri kuona kazi yake ikifanya kazi, au anakimbilia malipo?

Likaja suala la pesa. Alitaja shilingi elfu kumi na tano. Mama, aliyekuwa amelipia washa shilingi mia tano, akashtuka. "Mzee wangu, washa ya mia tano, ufundi elfu kumi na tano?" Mzee hakununa. Akasema, "Mama, mimi na mwenzangu aliyeko saiti Goba tumeamka saa moja. Yeye jioni anaondoka na posho ya siku nzima. Mimi nimekuja kwa daladala mbili, nimepitia dukani, nimesubiri, na asubuhi imekwisha. Nikitoka hapa na elfu tano, siku nyingine ukinipigia nitakuambia niko saiti."

Nililifikiria jibu hilo kwa muda mrefu, kwa sababu lilifumbua kitendawili cha simu zote zile. "Niko saiti" ni jibu la bei. Sisi wenye nyumba huhesabu dakika ambazo spana imezunguka. Fundi huhesabu asubuhi yake: nauli, njia, duka, kusubiri maji yafungwe, kusubiri mama arudi sokoni. Kazi ya siku nzima humlipa yote hayo mara moja. Kazi ndogo humlipa dakika tu, na tena baada ya kuombwa apunguze. Ndiyo maana mafundi hodari huzikwepa, na zinabaki kwa wanaojifunza au walioshindwa kwingine. Kisha sisi husema mafundi wa siku hizi hawana uaminifu.

Na hapo ndipo cha juu kinapozaliwa. Kila mtu anakijua: koki ya elfu kumi na mbili inaandikwa elfu ishirini, risiti inapatikana, na tofauti inaingia mfukoni. Tunakilalamikia kama tabia mbaya ya mafundi, na tabia mbaya ni kweli. Lakini kwa sehemu kubwa ni ujira tuliokataa kuutoa mlangoni, ukarudi kupitia dirishani. Hasara yake kubwa wala si zile elfu nane. Fundi anayekula kwenye vifaa ana kila sababu ya kubadilisha, na hana hata moja ya kutengeneza. Washa ya mia tano haina cha juu. Koki mpya inacho. Ukimlipa mtu kwa namna ya kumnyima ufundi wake, usishangae anapokuambia kila kitu kimekufa.

Tangu siku ile nyumba yetu ina utaratibu. Ufundi tunaujadili kwanza, peke yake, na tunaulipa wazi. Vifaa tunanunua wenyewe baada ya fundi kusema anataka nini, na ikibidi tunakwenda naye dukani. Kifaa cha zamani hakitoki nyumbani mpaka tukione kimeharibika wapi. Advansi ya ufundi hatutoi. Na mtu akija akatazama tu, hata kama hakugusa kitu, anaondoka na nauli yake na cha kunywa.

Hilo la mwisho lilitulipa mapema. Mlango wa nyuma ulianza kukwama katikati ya masika, ukawa haufungi bila teke. Tukamwita seremala kijana kutoka Keko, ambaye kazi yake ni makabati na vitanda, na milango ya watu huifanya kwa kuombwa. Akaufungua, akaufunga, akapitisha kadi ya simu kwenye upenyo wa pande zote, akatikisa kichwa. "Dada, mlango huu ni msonobari, na chini haujapakwa rangi. Umekunywa maji. Nikiupiga randa leo, mwezi wa saba utapitisha kidole. Niite mvua zikiisha." Mbao hutanuka kwa upana wake ikinywa unyevu, kwa urefu hutanuka kidogo mno, na ikikauka hurudi. Fundi mwenye njaa angepiga randa siku ile ile, akalipwa, na kiangazi angelipwa tena kuziba upenyo. Mama akampa nauli na chai. Julai alirudi mwenyewe, akaondoa unyoya tu upande wa kitasa, kisha akaulaza mlango chini na kuupaka rangi ukingo wa chini, mahali ambapo hakuna atakayeona. Tangu hapo masika huja na kuondoka.

Yapo mambo ambayo kwayo utaratibu huu wa kutazama mikono ya fundi hautoshi, na la kwanza ni umeme. Koki iliyofungwa vibaya hulowesha sakafu, waya uliofungwa vibaya huchoma nyumba. Soketi ya jikoni ilipoanza kubadilika rangi, fundi mmoja wa rangi aliyekuwa akipaka uzio alijitolea kuibadilisha, "dakika tano tu, dada". Tulimshukuru na kumkatalia. Tulimtafuta fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, ambayo hutoa leseni za ufungaji umeme kwa madaraja. Niliomba kuiona leseni, naye akaitoa bila kununa. Umeme ukishapita mita, nyaya za ndani ni zako na hatari yake ni yako.

Alizima mein swichi, akapima kwa testa kuhakikisha, ndipo akafungua. Skrubu ya waya mmoja ilikuwa imelegea, na pale pale plastiki ilikuwa imeungua. Kiungo kilicholegea hupata joto kila umeme unapopita. Na umeme tulioupitisha haukuwa mdogo. Akatuandikia hesabu nyuma ya risiti: birika la umeme lina wati 2,200, pasi ina 1,200, jumla 3,400. Gawanya kwa volti 230, unapata karibu ampea 15. Soketi na plagi zetu za miguu mitatu ni za ampea 13. "Mnachomeka vyote viwili kwenye ekstensheni moja?" akauliza, na hakusubiri jibu, kwa kuwa ekstensheni ilikuwa pale pale mezani. Aligundua pia kwamba waya wa ardhi ulikuwa umekatwa na kukunjwa ndani ya boksi. Aliyeufunga zamani aliona hauna kazi. Bila waya huo, pasi ikipata hitilafu, umeme unakungoja kwenye chuma.

Sisemi kwamba cheti ndicho kipimo cha kila fundi. Mzee wetu wa Buguruni hakukaa darasani. Alianza kama saidia fundi, akichimba mitaro na kubeba mabomba, na kidole chake kimejua kiti cha koki kwa miaka ya kugusa. Watu wa aina yake ni wengi, na ndiyo maana VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kuurasimisha ujuzi uliopatikana kazini, mtu akapimwa na kutambuliwa kwa anachokijua. Kwa bomba, mbao, bati na rangi, mimi hutazama begi la zana, maswali anayouliza na subira yake. Kwa umeme naomba leseni. Sichanganyi mambo hayo mawili, na sikubali fundi mmoja aniambie anafanya yote.

Lililobaki ni namna ya kuifanya kazi ndogo imlipe fundi hodari, na hilo tulilipatia mtaani kwetu. Koki moja haifikishi siku ya kazi. Lakini koki ya kwetu, floti ya jirani wa kushoto na choo kinachotiririka cha nyumba ya nyuma, hiyo ni siku kamili. Mama ana daftari lililotundikwa jikoni, kila kinachoanza kusumbua kinaandikwa: bawaba inalia, sinki linashusha maji polepole, kitasa kinakwama. Mambo ya bomba yakifika mawili matatu, na hakuna linalofurika, anawauliza majirani nao wana nini. Kisha tunampigia mzee. Anapanda daladala mara moja, anazunguka nyumba tatu, kila nyumba inalipa ufundi wake, na jioni anaondoka na posho inayoweza kusimama mbele ya ile ya Goba. Hajatuambia yuko saiti tena.

Faida nyingine hatukuitegemea. Fundi anayejulikana na nyumba tatu hawezi kuzima simu. Na kwa nyumba zenye wanawake, wazee au watoto peke yao, mtu anayeingia akiwa anajulikana na mtaa mzima si sawa na mgeni aliyeokotwa kwenye nguzo. Hata swali la "Baba yupo?" limekwisha.

Kwa hiyo ndugu msomaji, usingoje bomba lipasuke ndipo umtafute fundi, maana usiku wa manane huchagui, unapokea. Mtafute sasa, ukiwa na kijikazi kisicho na haraka. Mwulize muuza vifaa swali la mama. Mkabidhi bawaba moja umtazame anavyoishika. Patana naye ufundi kabla ya kugusa kitu, nunua vifaa kwa mkono wako, waambie majirani wawili nao waandike yao. Mpe chai. Na akimaliza, gazeti likiwa kavu, mlipe siku hiyo hiyo, yote, bila kumwomba apunguze.